Mtunzi wa Nyimbo Morogoro: Jina Liandikwe Kabla Wimbo Haujaondoka Studio

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

USIKU wa tarehe 31 Desemba 2029 litatokea jambo ambalo huenda lisitangazwe na redio yoyote. Ulinzi wa kisheria wa tungo za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa na mtunzi aliyeupatia mji wa Morogoro sifa iliyovuka mipaka ya nchi, utafikia kikomo hapa Tanzania. Mbaraka alifariki dunia Januari 1979 kutokana na ajali ya gari mjini Mombasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, hesabu ikifungwa mwishoni mwa mwaka. Kuanzia Januari Mosi, 2030 mtu yeyote ataweza kuzirekodi upya tungo hizo au kuziweka katika tangazo la biashara pasipo kudaiwa malipo na warithi.

Mwenzake wa mji huohuo, Salum Abdallah, aliyeiongoza bendi ya Cuban Marimba, alitangulia mbele ya haki mwaka 1965, naye kwa ajali ya barabarani. Hata kwa hesabu ndefu ya miaka 50, tungo zake zilitoka katika ulinzi mwishoni mwa mwaka 2015. Hakukuwa na hafla wala taarifa kwa umma, na bila shaka wengi wa wale ambao bado wanazicheza nyimbo zake harusini hawakujua kwamba tarehe hiyo imepita.

Tarehe hizi zinatajwa hapa kwa sababu zinaonesha jambo ambalo vijana wengi wanaotunga nyimbo leo katika Manispaa ya Morogoro, Mvomero na vijiji vya safu ya Uluguru hawajaelezwa vya kutosha. Utungo ni mali. Una mwenyewe, una muda wake, unarithiwa, na saa yake inakwenda hata kama mwenyewe hajui. Mali hiyo ina sifa moja inayoitofautisha na shamba au nyumba: isipoandikwa jina la mwenyewe mapema, huondoka mikononi mwake bila kelele na bila mtu yeyote kuonekana ameiba.

Msomaji atazame kwanza jina la sheria yenyewe, maana limebeba ufafanuzi ambao mara nyingi tunaupita haraka. Inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Maneno hayo mawili hayakuwekwa kwa ajili ya kupamba. Hakimiliki ni ya mtunzi, yaani mtu aliyeandika maneno na kubuni sauti ya wimbo. Hakishiriki ni ya wale wanaoutia uhai: mwimbaji, wapigaji wa ala, mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji. Wimbo mmoja unaposikika redioni, haki za aina mbili zinasikika kwa pamoja, na kila moja ina mwenyewe. Mtunzi anapouimba wimbo wake mwenyewe, haki zote mbili hukutana kwake na tofauti haionekani. Matatizo huanza pale mtunzi asipokuwa mwimbaji.

Na huyo ndiye mtu anayezungumziwa katika makala haya. Si kila mwenye kipawa cha kutunga amejaliwa sauti, sura ya kuvutia kamera au ujasiri wa jukwaa. Wapo wanaoweza kukaa na daftari chini ya mwembe na kuibuka na kiitikio kitakachoimbwa na nchi nzima, lakini ukiwapa kipaza sauti wanatetemeka. Katika nchi zenye tasnia kongwe ya muziki huyo ni mtu mwenye kazi yake inayotambulika. Kwetu bado anahesabiwa kama msaidizi wa msanii, wakati mwingine kama rafiki tu aliyekuwepo studio siku ile.

Haikuwa hivyo siku zote, na Morogoro ni shahidi mzuri. Mji huu ambao wenyeji wanauita Mji Kasoro Bahari ulikuwa, katika miaka ya 1960 na 1970, miongoni mwa vitovu vya muziki wa dansi nchini. Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944. Cuban Marimba ilikuwa mshindani wake wa jirani, na baada ya Salum Abdallah kufariki, Juma Kilaza aliishika na kuiendeleza. Ushindani wa bendi hizo mbili uliwapa watunzi kitu ambacho kijana wa leo hana: mlango unaofahamika. Mwenye utungo alikwenda kwenye bendi. Akisikilizwa na kukubalika alichukuliwa, akafanya mazoezi na wenzake, na utungo wake ukapimwa mbele ya watu ukumbini kabla haujafika kwenye kinasa sauti. Mbaraka alipita mlango huo katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waliokwenda na Morogoro Jazz katika maonesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano.

Tusiipambe enzi hiyo kupita kiasi. Mlango ulikuwepo, lakini ndani ya nyumba hesabu haikuwa ya mtunzi. Vyombo vilikuwa vya bendi au vya mwenye bendi, na mwanamuziki aliishi kwa mshahara au kwa mgawo wa mapato ya mlangoni. Studio kuu ya kurekodia ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo iliwapa wanamuziki masikio ya taifa zima, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Aliyetaka santuri yake iuzwe alilazimika kuelekea Nairobi, na mikataba yake ikawa ya huko, na kampuni za huko. Wimbo wa Mbaraka uitwao Shida ulipata soko kubwa Kenya, na baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, nao pia ukatolewa huko. Mwandishi wa makala haya, kama wengi waliopitia Morogoro, alizijua nyimbo za Mbaraka kwa moyo miaka mingi kabla ya kujiuliza ni nani anayelipwa zinapopigwa.

Mfumo wa bendi ulipodhoofika, mlango ule nao ulifungwa taratibu. Kuanzishwa kwa vituo binafsi vya redio kuanzia mwaka 1994, kuenea kwa kompyuta na kuzaliwa kwa muziki wa kizazi kipya kulileta mfumo mwingine kabisa. Studio zikawa ndogo na nyingi, ngoma na gitaa vikachukuliwa na biti iliyotengenezwa na prodyuza mmoja, na kitovu kikahamia Dar es Salaam. Morogoro haikukauka. Afande Sele alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 akiwa kijana wa mji huu, na baada yake wakaja akina Belle 9 na Stamina. Lakini wote hao ni waimbaji na wachanaji waliosimama kwa sauti na sura zao. Mtunzi asiyeimba hakutengenezewa njia katika mfumo huo mpya. Aliachwa atafute mtu wa kumsikiliza kupitia simu, kupitia rafiki wa rafiki, au kwa kukaa nje ya studio akisubiri.

Chukulia mfano wa kijana wa Nyandira, katika Tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero. Ni mfano tu, lakini yeyote anayefahamu maeneo hayo hatauona mgeni. Ameandika nyimbo thelathini kwenye simu yake. Amejirekodi kwa sauti yake mwenyewe, bila ala, akiwa njiani kutoka shambani. Akiteremka hadi Morogoro mjini kwa gari la mboga, atakuta studio kadhaa zinazotoza kwa saa au kwa wimbo. Akiwa na nauli ya ziada, tangu Juni 2024 treni ya SGR inamfikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, safari ambayo kwa basi ilikuwa ikimla nusu ya siku. Umbali umepungua, lakini anapofika anakutana na mazungumzo yaleyale aliyoyakuta aliyemtangulia. Msanii mwenye jina, au meneja wake, anausikiliza wimbo, anaupenda, anatoa fedha taslimu mkononi, na shughuli imekwisha. Hakuna karatasi. Mwezi unaofuata wimbo unatoka, na kwenye maelezo yake yameandikwa jina la msanii, jina la prodyuza na jina la aliyepiga picha za video.

Mkulima wa Mgeta anaifahamu lumbesa. Ni lile gunia la viazi au kabichi lililojazwa, likapandishwa kilemba juu, kisha likalipiwa kwa bei ya gunia moja. Serikali imekuwa ikipambana nalo kupitia Wakala wa Vipimo kwa sababu ni wizi unaofanyika mchana, mbele ya mwenye mali, akiwa ameridhia kwa kukosa namna. Uuzaji wa nyimbo bila mkataba ni lumbesa ya sanaa. Mtunzi anadhani ameuza ruhusa ya wimbo wake kuimbwa na msanii yule. Mnunuzi anachukua pamoja na hiyo haki ya kuurekodi tena, kuutumia kwenye matangazo, kuukusanyia mirabaha ya redio na mtandao, na kuurithisha watoto wake kwa miaka 50. Yote hayo ni kilemba cha juu ya gunia, na hakuna aliyekipima.

Lipo jambo jingine linalozidisha ugumu. Mauziano ya namna hii huambatana na sharti lisiloandikwa, kwamba mtunzi anyamaze. Msanii anaogopa kwamba mashabiki wakijua hakuandika mwenyewe watamshusha hadhi. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Waimbaji wengi wakubwa duniani wameimba tungo za watu wengine na hawajapungukiwa kitu, na katika taarabu yetu ya pwani imekuwa kawaida tangu zamani mshairi kuwa mtu mmoja na mwimbaji mtu mwingine, na wote wawili kuheshimiwa. Hapa nchini, msanii Marioo alikuwa akiwatungia wenzake kabla jina lake halijajulikana kwa sauti yake mwenyewe. Njia hiyo ilimfaa kwa sababu alikuwa na sauti ya kumtoa nje. Asiye na sauti hubaki palepale alipoanzia, kwani jina lake halikuandikwa popote na hana cha kumwonesha mteja wa pili.

Afrika Mashariki ina kielelezo chake cha kutosha cha kinachotokea karatasi inapokosekana. Wimbo Malaika, ambao huenda ndio wimbo wa Kiswahili unaojulikana zaidi duniani, ulirekodiwa Nairobi na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960 na baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na wengine wengi. Adam Salim, Mtanzania, alidai kuwa yeye ndiye aliyeutunga katika miaka ya 1940. Wapo na wengine waliotajwa. Mjadala umeendelea kwa miongo mingi na kila upande una mashahidi wake, lakini mashahidi hao ni kumbukumbu za watu, na kumbukumbu huzeeka na kufa pamoja na wenyewe. Hakuna hati ya wakati ule ambayo inamaliza ubishi. Afrika Kusini, Solomon Linda aliyetunga Mbube mwaka 1939 aliachia haki zake kwa shilingi kumi, wimbo ukazunguka dunia, naye akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilichukua hadi mwaka 2006 kwa binti zake kufikia makubaliano ya kulipwa. Linda angalau jina lake lilikuwa kwenye rekodi ya kwanza, na ndilo lililowapa mawakili pa kushika.

Turudi kwenye yanayoendelea sasa, kwa sababu hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa historia. Katika miaka michache iliyopita Serikali imebadili mambo kadhaa yanayomgusa mtunzi moja kwa moja. Chombo cha hakimiliki, COSOTA, kilichokuwa chini ya wizara yenye dhamana ya viwanda na biashara, kilihamishiwa wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa mwaka 2020. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania yenye jukumu la usimamizi, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa taasisi za wenye haki wenyewe. Mwaka 2023 ikaanzishwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kurekodi, kunakili na kuhifadhi kazi za ubunifu. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii. Mwezi Februari 2023, Hamis Mwinjuma, ambaye wengi wanamfahamu kama Mwana FA, mtunzi wa nyimbo zake mwenyewe, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri katika wizara hiyo.

Haya ni mabadiliko ya kweli na yanastahili kutambuliwa. Lakini wajibu wa uchambuzi ni kuuliza yanamfikia nani. Mirabaha, iwe ya redio, ya kumbi au ya tozo, haigawiwi kwa kuangalia nani ana kipawa. Hugawiwa kwa orodha. Kazi iliyosajiliwa ina wenye haki waliotajwa na asilimia zao, na fedha hufuata majina hayo. Mtunzi ambaye jina lake halimo kwenye orodha hatakosa fedha kidogo. Atakosa zote, na sehemu yake itakwenda kwa aliyejaza fomu. Kwa maneno mengine, kadiri mfumo wa kukusanya mirabaha unavyokuwa imara, ndivyo hasara ya mtunzi asiyeandikwa inavyoongezeka. Zamani alikosa sehemu ya kitu ambacho hakikuwepo. Sasa kitu kipo.

Hali ni hiyohiyo kwenye majukwaa ya mtandao, ambako nyimbo nyingi za vijana wetu ndiko zinakoanzia siku hizi. Kila rekodi inayowekwa huko hupewa namba ya utambulisho iitwayo ISRC. Vijana wengi wanaijua, maana msambazaji huwapatia. Wachache mno wanaijua namba ya pili, ISWC, ambayo ni ya utungo wenyewe. Wimbo mmoja unaweza kurekodiwa mara kumi na kupata namba kumi za ISRC, lakini utungo wake una namba moja tu ya ISWC, na malipo ya mtunzi huifuata hiyo. Namba hiyo hupatikana kupitia taasisi za wenye haki, si kwa msambazaji wa rekodi. Wimbo ukivuma Kenya, Oman au Uingereza huku upande wa utungo haujaandikishwa, fedha zake hukosa mwenyewe wa kupelekewa.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba ushauri wa kudai karatasi ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi. Kijana aliyetoka Kinole au Matombo hana nguvu ya kumwekea masharti msanii anayejaza viwanja. Akidai mkataba ataambiwa wapo wengine kumi nje. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, na kwa hakika ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watunzi kukubali lumbesa. Lakini kuna tofauti kati ya kudai fedha zaidi na kudai jina. Fedha za mwanzo zinaweza kuwa ndogo, hilo ni suala la soko. Jina halimpunguzii msanii senti yoyote siku ile ya kurekodi. Sheria yenyewe inayatenganisha mambo haya: haki za kiuchumi zinaweza kuuzwa, lakini haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga ni yake binafsi, na kupokea fedha mkononi hakuifuti. Mtunzi anayeanza anaweza kukubali bei ya chini, asikubali kufutwa.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya waliotunga maneno na sauti, sehemu ya kila mmoja kwa asilimia, majina ya mwimbaji na prodyuza, na sahihi zao. Ijazwe studio, siku hiyohiyo, kabla faili halijatumwa kokote. Wimbo ukishatoka na kupendwa, kila aliyekuwa chumbani huanza kukumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa, na hapo maelewano huwa magumu. Wenye studio za Morogoro wana nafasi ya pekee hapa. Prodyuza ndiye mtu pekee anayekuwepo kila wimbo unapozaliwa, na yeye pia ana haki zake za kulinda. Akiifanya karatasi hiyo kuwa sehemu ya huduma yake, kama fundi simu anavyoandika risiti, hakuna msanii atakayeona kwamba ametiliwa shaka yeye binafsi.

Ulinzi wa hakimiliki hauhitaji usajili ili uanze. Huanza pale kazi inapobuniwa. Vijana wengi wanaamini kinyume chake na kwa hiyo hukata tamaa mapema, wakidhani bila cheti hawana haki. Wanayo. Kazi ya usajili COSOTA ni kuweka ushahidi ambao mahakama au mgawaji wa mirabaha anaweza kuushika. Hali kadhalika usajili wa msanii katika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ni suala tofauti: huo unamtambua mtu na kazi yake ya sanaa, hauthibitishi nani alitunga wimbo gani. Kuzichanganya ofisi hizi mbili ni kosa la kawaida, na lawama nyingi dhidi yake hutokana na mtu kupeleka shida ya moja kwa nyingine.

Kwa mkazi wa milimani, daraja la kwanza ni Afisa Utamaduni wa halmashauri yake. Halmashauri zina maafisa hawa na usajili wa BASATA hupitia kwao. Lakini tuseme ukweli: kwa sehemu kubwa kazi zao zimeelekezwa kwenye vikundi vya ngoma, mashindano na sherehe za kitaifa. Mtunzi mmoja mmoja, asiye na kikundi wala sare, hana dawati lake. Haihitaji bajeti mpya kumfungulia dawati hilo. Fomu ya ukurasa mmoja iliyotajwa hapo juu inaweza kuchapishwa na kuwekwa katika ofisi za kata, na siku za gulio Nyandira au Mkuyuni zinatosha kuwafikia wengi kwa mara moja. Redio za Morogoro nazo zinaweza kurudisha desturi nzuri ya watangazaji wa zamani, waliotaja si jina la bendi tu bali na la mtunzi. Hilo ni jambo la sekunde tatu.

Kuna eneo moja ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo ni nyimbo za asili. Watunzi wa Uluguru hawaanzi kutoka hewani. Wamekulia katika nyimbo za jando na unyago, za kulima na za misiba, ambazo hazina mtunzi anayejulikana kwa jina. Sheria ya 1999 ina sehemu inayohusu kazi za jadi na matumizi yake ya kibiashara, kwa hiyo kuchukua wimbo wa bibi, kuutia biti na kuusajili wote kama utungo wa mtu binafsi si sahihi. Kinachoweza kuwa chake ni kile alichoongeza. Jamii ya Waluguru, ambayo kwa mila yake imekuwa ikihesabu ukoo na ardhi kupitia kwa mama, inaelewa vizuri tofauti ya mali ya mtu na mali ya ukoo. Mpaka huohuo unahitajika kwenye nyimbo, na wazee wanaozijua nyimbo hizo wangali hai.

Wapo pia warithi. Familia za watunzi wa Morogoro waliofariki mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 na 1990 bado zina muda, mfupi kwa baadhi na mrefu kwa wengine, wa kujitokeza, kuthibitisha urithi wao na kuandikisha tungo za wazee wao. Kwa aliyefariki mwaka 1979, muda uliosalia ni hadi mwisho wa 2029. Kwa aliyefariki mwaka 1985 ni hadi mwisho wa 2035. Nyaraka zinazohitajika kwa kawaida ni zilezile za mirathi yoyote, pamoja na chochote kinachoonesha nani alitunga nini: kava la santuri, mkataba wa zamani, barua ya redio, kaseti yenye mwandiko wa marehemu. Vitu kama hivyo vimo katika masanduku ya nyumba nyingi za Morogoro, na vingine hutupwa kila mara nyumba inapokarabatiwa.